Coopec ikifungwa: wafanyakazi waliotoshwa kazi wanadai nini, kwa nani, na mbele ya siku gani

KAMINA – Coopec ikifungwa, watu wa kwanza kuonekana kwenye mlango ni wale walioweka makuta yao pale. Mama wa soko, mwalimu, mfanyakazi wa SNCC, kila mtu na kitabu chake mkononi. Lakini kuko kundi lingine ambalo watu wanalisahau: kesye, mlinzi, afisa wa mikopo, shofa, mama anayefanya usafi. Hao pia wanapoteza. Mara nyingi wameisha kufanya kazi miezi kadhaa bila mshahara mbele ya mlango kufungwa, na wengine wao waliweka akiba palepale.

Kisha watu wanawaambia: “Kazi imekufa, na makuta imekufa vilevile.” Hiyo si kweli. Kazi inaweza kumalizika kwa njia ya sheria, lakini deni la kazi halifi pamoja nayo. Shida ni kwamba lile deni la hakika kabisa, yaani mshahara, ndilo lenye muda mfupi wa kulidai. Wafanyakazi wengi wanakimbilia fidia kubwa ambayo si rahisi kuipata, na wakati huo wanaacha mshahara wao upitwe na siku.

Hii makala inaeleza sheria ya Kongo inasema nini juu ya jambo hilo, kwa wakaaji wa Kamina, Kaniama, Kabongo, Bukama, Malemba-Nkulu na majimbo mengine ya mashariki.

NANI ANAFUNGA COOPEC?

Coopec ni ushirika wa akiba na mikopo. Si duka la mtu mmoja, na tena si likelemba ya majirani. Sheria namba 002/2002 ya tarehe 2 Februari 2002 ndiyo iliyowekea coopec kanuni zao. Ruhusa ya kufanya kazi inatolewa na Banki Kuu ya Kongo (BCC), na BCC ndiyo inayozichunguza. Tangu tarehe 27 Desemba 2022 kuko pia sheria namba 22/069, inayoongoza taasisi za mikopo kwa jumla.

Coopec ikianza kuyumba, kwa kawaida haifungwi siku moja. Banki Kuu inaweza kwanza kuiweka chini ya msimamizi wa muda, ambaye anachukua nafasi ya wakubwa waliochaguliwa. Kazi yake ni kutazama kama nyumba inaweza kusimama tena. Wakati huo kontra za wafanyakazi zinaendelea kama kawaida, na mshahara unaendelea kuhesabiwa.

Ikishindikana, ruhusa inaondolewa na coopec inaingia katika ufilisi. Hapo anawekwa mfilisi, yule watu wanaita likwidateri. Kazi yake ni kukusanya mali yote ya coopec: makuta iliyo kwenye kesi na kwenye banki, mikopo ambayo watu hawajarudisha, nyumba, gari, pikipiki, meza na kompyuta. Kisha anaandika orodha ya wote wanaodai, na anawalipa kwa kufuata safu ya sheria.

MKUBWA WA KAZI NI NANI SASA?

Hili ndilo swali la kwanza la mfanyakazi, na wengi wanakosea hapa. Wanaendelea kumfuata meneja wa zamani nyumbani kwake ao mwenyekiti wa baraza. Wale hawana tena uwezo wa kulipa hata franka moja ya coopec. Ahadi zao za mdomo hazimfungi mtu yeyote.

Mfilisi ndiye anayesimama mahali pa muajiri. Yeye ndiye anayetia sahihi barua za kumaliza kontra, ndiye anayepokea madai, na yeye ndiye anayeitwa mbele ya inspekta wa kazi ao mbele ya tribinali, kwa jina la coopec iliyo katika ufilisi. Kwa hiyo barua yoyote ya kudai inapaswa kuandikwa kwake.

Mara nyingi mfilisi anabakiza wafanyakazi wachache, zaidi wale wa hesabu na wa kufuata mikopo. Wale wanaobaki waombe karatasi inayosema wanabaki kwa kazi gani, kwa mshahara gani, na tangu tarehe gani. Mshahara wa kazi inayofanywa kwa ajili ya ufilisi wenyewe ni gharama ya ufilisi. Haupaswi kuchanganywa na mshahara wa zamani ambao coopec ilibaki nao deni.

KUFUNGWA KWA COOPEC NI SABABU HALALI YA KUTOSHA WATU KAZI?

Sheria ya Kazi ya Kongo ni sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Iligeuzwa sehemu moja na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Watu wengi wanaijua kwa jina la Code du travail. Kifungu cha 62 kinasema kwamba kontra isiyo na mwisho haiwezi kuvunjwa na muajiri bila sababu halali. Sababu hizo ni za aina tatu: uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake, ao mahitaji ya uendeshaji wa kazi yenyewe.

Coopec iliyoondolewa ruhusa haiwezi kupokea akiba wala kutoa mkopo. Kazi haiko tena. Hiyo inaingia katika ile sababu ya tatu. Kwa hiyo ni lazima kusema ukweli: kutoshwa kazi juu ya ufilisi, peke yake, kwa kawaida si kufukuzwa bila sababu. Anayeingia tribinali na neno hili tu, “walinifukuza bure,” anaweza kutoka mikono mitupu.

Lakini kuwa na sababu halali si ruhusa ya kufanya ovyo. Mfilisi anapaswa kutoa barua yenye kueleza sababu. Anapaswa kuheshimu preavi, yaani ule muda wa kumjulisha mfanyakazi mbele kwamba kontra inaisha. Kama anatosha watu kwa makundi, delege wa sendika na Inspeksio ya Kazi wanapaswa kujulishwa. Kama anabakiza wengine, asichague kwa urafiki: ujuzi wa kazi, miaka ya kazi na mzigo wa familia vinapaswa kuangaliwa.

Tena kuko neno ambalo linapenda kutumiwa vibaya: “force majeure”, yaani jambo lenye nguvu ambalo hakuna mtu aliweza kuliona mbele wala kulizuia. Mafuriko makubwa yanaweza kuwa hivyo. Mikopo iliyotolewa kwa marafiki bila dhamana, na hesabu mbaya za miaka, si jambo lililoanguka kutoka mbinguni. Barua inayosema kwamba kontra zote zimekufa kwa “force majeure” bila malipo yoyote inafaa kupelekwa kwa inspekta, isiwekwe kwenye sanduku na kusahauliwa.

MAMBO MANNE YA KUDAI

Madai ya mfanyakazi yanagawanyika katika sehemu nne. Ni vizuri kuziandika moja moja, kila moja na hesabu yake.

1. Mshahara usiolipwa. Huu ni wa kazi iliyokwisha kufanywa. Hauna ubishi mkubwa kama kuko karatasi.

2. Preavi. Kifungu cha 64 kinaweka muda wa chini: siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima wa utumishi bila kukatika. Kama mfilisi anasimamisha mtu leo leo, analipa mshahara na faida za ule muda wote. Kwa agent de maîtrise na cadre, mapatano ya pamoja ya kazi yanaweza kutoa muda mrefu zaidi.

3. Konje isiyochukuliwa. Kwa mtu mwenye miaka 18 na zaidi, sheria inatoa siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima, kama kiasi cha chini. Zile siku ambazo hakupumzika zinalipwa.

4. Fidia ya kuvunja kontra bila sababu halali. Kifungu cha 63 kinasema mfanyakazi anaweza kurudishwa kazini. Kama hairudishwi, anapewa fidia inayopangwa na tribinali. Ile fidia haiwezi kupita mishahara ya miezi 36. Lakini 36 ni dari, si bei. Tribinali inatazama aina ya kazi, miaka ya utumishi, umri na haki alizopoteza, na inaweza kutoa kidogo sana ao kukataa kabisa.

Tuchukue mfano wa kesye. Mshahara wake ni franka 260,000 kwa mwezi, na siku za kazi 26 kwa mwezi. Siku moja ni franka 10,000. Amefanya miaka 6 mizima. Hajalipwa miezi 5. Tangu konje yake ya mwisho imepita miezi 8.

Mshahara: miezi 5 mara 260,000 ni franka 1,300,000. Preavi: siku 14 na siku 42 ni siku 56, yaani franka 560,000. Konje: siku 8, franka 80,000. Jumla ni franka 1,940,000. Hiyo ni hesabu ambayo anaweza kuitetea kifungu kwa kifungu.

Sasa, mtu akimwambia adai miezi 36, ataona franka 9,360,000 mbele ya macho. Ni vigumu kukataa ndoto kama ile. Lakini kama anangoja ile milioni 9 na anaacha kudai ile karibu milioni 2 ya hakika kwa wakati wake, anaweza kukosa zote mbili.

Jambo moja la kuongeza: watu wanapenda kusema juu ya “pesa ya shukrani” kwa miaka ya kazi. Sheria ya Kazi ya Kongo haiweki malipo kama hayo kwa kila mtu. Yanakuwapo tu kama yameandikwa katika mapatano ya pamoja, katika kanuni za coopec, ao katika kontra. Ndiyo maana zile karatasi zitafutwe mbele ya ofisi kufungwa.

Mwenye kontra ya muda, kwa mfano ya mwaka mmoja, hesabu yake ni tofauti. Hadai preavi, anatazama mishahara ya miezi iliyobaki mpaka mwisho wa kontra yake. Na yule asiye na kontra ya kuandikwa asikate tamaa. Pasipo maandiko, sheria inachukulia kwamba kontra yake ni ya muda usio na mwisho, na anaweza kuonyesha kwa njia nyingine kwamba alifanya kazi pale.

“WOTE NI WEZI”

Coopec ikianguka, mji mzima unasema wafanyakazi wamekula makuta. Inawezekana mmoja ao wawili walikula. Lakini kosa ni la mtu, si la jengo.

Anayeshitakiwa kwa kosa zito anaweza kufukuzwa bila preavi. Lakini kifungu cha 72 kinataka ajulishwe kwa barua katika siku 15 za kazi tangu muajiri alipojua yale mambo. Barua inapaswa kusema kosa lenyewe. Mfilisi hawezi kuandika karatasi moja ya kuwafuta watu ishirini kwa neno “wizi”, akijiponyesha na preavi zao. Na hata yule aliyefukuzwa kwa kosa zito anabaki na haki ya mshahara wa siku alizofanya kazi na ya konje yake.

NANI ANALIPWA MBELE?

Hapa ndipo uchungu unapoingia kati ya jirani na jirani. Kifungu cha 110 cha Sheria ya Kazi kinasema kwamba kampuni ikianguka ao ikifilisiwa, wafanyakazi wanapita mbele ya wadai wengine wote, na hata mbele ya hazina ya Serikali, kwa mishahara ya kazi waliyofanya kabla ya ufilisi. Sheria za OHADA, ambazo zinatumika Kongo tangu tarehe 12 Septemba 2012, nazo zinaweka mshahara katika safu ya mbele. Ile ya ufilisi iliandikwa upya tarehe 10 Septemba 2015.

Mama aliyeweka faida ya unga wake kwa miaka mitatu anaweza kuuliza: kwa nini kesye apite mbele yangu? Ni swali la haki. Jibu la sheria ni kwamba mfanyakazi alikwisha kutoa jasho lake, na mshahara ndio chakula cha nyumba yake. Hakuchagua kumkopesha muajiri. Kanuni hii si ya Kongo peke yake. Iko katika mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, juu ya kulinda mshahara, ambao Kongo iliupokea.

Lakini ile nafasi ya mbele iko na mipaka. Inafunika mshahara wa kazi iliyofanywa. Fidia ya kufukuzwa bila sababu si mshahara wa kazi iliyofanywa, na mfilisi anaweza kubisha kwamba isipite pamoja nao. Hii ni sababu nyingine ya kutochanganya madai yote katika jumla moja. Anayeandika “mnanidai milioni 11” bila kugawa anamsaidia mfilisi kukataa yote. Anayeandika sehemu nne anafungua njia ya kulipwa ile ya kwanza wakati zile nyingine zinajadiliwa.

Tena, kupita mbele si kupata kwa hakika. Kama mikopo haikurudi na nyumba ilikuwa ya kupanga, mfilisi atagawa kile alichopata tu. Ndiyo maana wafanyakazi iko na faida kubwa mikopo ikirudishwa, hata ya ndugu zao. Afisa wa mikopo anayemsaidia mfilisi kupata dosie za wadeni anasaidia mshahara wake mwenyewe na akiba ya yule mama wa soko.

MFANYAKAZI ALIYE PIA MWANACHAMA

Katika coopec, mtu mmoja anaweza kuvaa kofia tatu. Ni mfanyakazi: anadai mshahara. Ni mweka akiba: anadai depozite yake. Ni mwanachama: ana hisa, yaani sehemu yake katika mtaji wa ushirika.

Kila kofia iko na safu yake. Mshahara unasimama mbele. Akiba inasimama pamoja na akiba za watu wengine, haipandi juu ya mgongo wa mshahara. Hisa inakuja mwisho kabisa, nyuma ya madeni yote, juu mwanachama ni mwenye nyumba. Na mwenye nyumba anagawa kile kinachobaki, kama kitabaki. Kwa hiyo madai haya yanaandikwa kwa karatasi tofauti.

Na kama mfanyakazi mwenyewe alichukua mkopo, ule mkopo haufutwi juu coopec imekufa. Mfilisi ataudai. Mfanyakazi aombe hesabu mbili wazi: hii ni pesa ninayowadai, hii ni pesa mnayonidai. Sheria inaweka mipaka juu ya kile kinachoweza kukatwa kwenye mshahara, na kukatana kimyakimya bila karatasi hakukubaliki.

MILANGO MITATU

Mlango wa kwanza ni mfilisi. Tangazo la ufilisi likitoka, linasema wadai waandike kwa nani na kwa siku ngapi. Zile ni siku, si miaka. Mfanyakazi anapeleka barua yenye hesabu yake na kopi za karatasi, na anaomba kopi yake ipigwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe. Kama mfilisi anakaa Lubumbashi ao Kinshasa, barua itumwe kwa njia inayoacha alama.

Mlango wa pili ni Inspeksio ya Kazi ya mahali alipofanyia kazi. Mlango huu hauruki mtu. Kifungu cha 298 kinasema kesi ya kazi ya mtu binafsi haipokelewi tribinalini kama haikupita kwanza kwa inspekta ili kutafuta mapatano. Inspekta anaita pande zote mbili. Wakipatana, anaandika PV ya mapatano. Wakikosana, ao mfilisi akikataa kuja, anaandika PV ya kukosa mapatano. Ile PV ndiyo ufunguo wa mlango wa tatu. Watu wengi walianza kwa avoka, wakalipa, wakaingia tribinali, na kesi ikakataliwa juu ya kukosa karatasi hiyo moja.

Mlango wa tatu ni tribinali ya kazi. Tribinali hizi zilianzishwa na sheria namba 016/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Pale ambapo bado haijafunguliwa, tribunal de grande instance ndiyo inayosikiliza kesi za kazi. Tribinali inaweza kusema ni kiasi gani mfanyakazi anastahili. Lakini makuta yenyewe yatatoka katika mfuko wa ufilisi, ndani ya ile safu. Kwa hiyo anayekwenda tribinali asiache kumwandikia mfilisi. Mfuko ukikwisha kugawanywa, hukumu nzuri inabaki karatasi nzuri.

MUDA: HAPA NDIPO WENGI WANAANGUKA

Kifungu cha 317 kinaweka muda wa kudai. Madai mengi yanayotoka katika kontra ya kazi yanakufa baada ya miaka 3. Lakini dai la mshahara linakufa baada ya mwaka 1, kuanzia siku mshahara ule ulipaswa kulipwa.

Maana yake, kila mwezi iko na saa yake. Mshahara wa Januari hauingoji Juni. Mfanyakazi aliyevumilia miezi 14 bila mshahara, akisubiri “mambo yatakuwa sawa”, siku anaanza kudai miezi ya kwanza inaweza kuwa imekwisha kupita. Na uvumilivu ule ndio unaojulikana sana katika miji yetu ya reli, ambapo familia nyingi zimezoea kungoja malimbikizo ya mishahara.

Dawa yake ni kusimamisha ile saa. Kumwita muajiri mbele ya inspekta kwa ajili ya mapatano kunaisimamisha. Barua ya kudai yenye uthibitisho wa kupokelewa inasaidia vilevile. Na karatasi ya hesabu ambapo muajiri mwenyewe anakubali deni lililobaki ni kitu kikubwa. Maneno ya mdomo hayasimamishi chochote.

KARATASI ZA KUSHIKA

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mfanyakazi wa coopec, daftari ni hili:

– kontra ya kazi ao barua ya kuingizwa kazini;
– bulletin za malipo, zaidi zile za mwisho;
– ujumbe wa simu wa mshahara uliotumwa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money;
– kadi ya kazi, ordre de mission, karatasi yoyote yenye jina lake na muhuri wa coopec;
– namba ya CNSS, kwa kutazama kama michango iliyokatwa kwenye mshahara ilifika kule kweli;
– barua za kuomba konje na majibu yake;
– barua ya kumaliza kontra;
– kitabu cha akiba na karatasi ya hisa, kama ni mwanachama.

Kontra ikiisha, muajiri anapaswa kutoa cheti cha mwisho wa utumishi, chenye aina ya kazi na tarehe za kuanza na kumaliza. Kiombwe mapema. Mfilisi akimaliza kazi yake na kuondoka, hakuna tena mtu wa kukitia sahihi.

JIRANI WANAFANYA JE? MFANO WA KAGERA

Tarehe 4 Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano kwa sababu ya mtaji mdogo. Moja kati yao ilikuwa ya ushirika: Kagera Farmers' Cooperative Bank ya Bukoba. Bodi ya Bima ya Amana iliwekwa kuwa mfilisi. Wateja wadogo walijua mara moja namna ya kuanza, juu bima ya amana ya wakati ule ilifunika mpaka shilingi 1,500,000 kwa kila mteja.

Kwa wafanyakazi, sheria ya Tanzania ni ya haraka zaidi. Anayelalamika kwamba aliachishwa kazi isivyo halali anapaswa kufika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Madai mengine ya kazi ni siku 60. Lakini kule sheria inatoa kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, mpaka miaka 10. Mtu wa Kamina aliye na ndugu Kigoma asichukue mashauri yake yote kama yalivyo. Kule siku ni chache lakini kiinua mgongo kimeandikwa. Huku miaka ni mitatu kwa fidia, lakini ni mmoja tu kwa mshahara.

MBELE YA KUTIA SAHIHI

Katanga yote inakumbuka Gécamines. Mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango wa “départs volontaires” uliolipiwa na Banki ya Dunia. Walipokea, walitia sahihi, na kwa miaka mingi baadaye wengi wao waliendelea kudai kwamba hesabu haikuwa kamili. Kudai nyuma ya sahihi ni kupanda mlima na mzigo kichwani.

Mfilisi akileta karatasi ya hesabu ya mwisho, mfanyakazi aombe kuiona mbele, hata kwa siku moja. Atazame: miezi yote ya mshahara iko? Miaka ya preavi imehesabiwa sawasawa? Konje iko? Ni nini kimekatwa, na kwa nini? Kama anachukua sehemu ya malipo juu ya njaa ya nyumbani, hakuna aibu. Lakini aandike kwa mkono wake, juu ya sahihi, kwamba anapokea kiasi hiki tu na kwamba anashika haki yake kwa kile kinachobaki. Na aende na kopi.

Wafanyakazi wakijikusanya, kazi inakuwa nyepesi. Delege mmoja wa sendika mwenye orodha ya watu wote na hesabu zao anasikilizwa kuliko watu kumi wanaopiga kelele kwenye barza. Kila mmoja abaki na dosie yake, lakini waende kwa inspekta siku moja.

Kwa ufupi: kwanza mshahara, na mbele ya mwaka kuisha. Pili preavi na konje, kwa hesabu iliyoandikwa. Kisha fidia, kama kuko sababu ya kweli ya kuidai. Barua kwa mfilisi, PV kwa inspekta, na kopi nyumbani.